Jini Anapoleta Posa

Ndugu msikilizaji, kisa hiki unakijua, hata kama wewe ulikisikia kwa jina la barabara nyingine. Dereva anatoka Bagamoyo usiku, yuko peke yake, anaelekea Dar es Salaam. Ameshaipita Mapinga, anaikaribia Bunju, mara taa zinammulika mwanamke kasimama kando ya lami. Buibui limemkaa sawasawa, na marashi yanatangulia kuingia garini kabla yake mwenyewe. Dereva anampakia. Wanazungumza, wanacheka, bwana anaanza kupanga mambo yake moyoni. Halafu macho yanateremka hadi chini, na pale penye kutarajiwa viatu pana kwato. Mombasa wanakisimulia hivyohivyo na Tanga vilevile. Vijana wa bodaboda nao siku hizi wana toleo lao.

Msimuliaji huishia papo hapo kwenye kwato. Dereva anakimbia, homa inamlaza, wasikilizaji wanaleta istighfari, kikao kinavunjika. Nami hubaki na swali ambalo hakuna anayelijibu: yule bibi alikuwa anataka nini? Kama ni kuua, nafasi ya kuua aliipata tangu alipoingia garini. Kama ni usafiri, jini ahitaji gari la nini? Aliingia, akakaa, akampigisha mwanamume soga njia nzima. Mimi naona ile ilikuwa posa, na waliotusimulia hawakumpa mposaji nafasi ya kumaliza maneno yake.

Jioni hii nataka tuzungumzie hadithi za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wasio binadamu. Duniani huko hadithi za namna hii zina soko kubwa. Mwaka 2005 mwandishi wa Marekani, Stephenie Meyer, alitoa riwaya ya Twilight, ambamo msichana wa shule anampenda kijana mnyonya damu. Kufikia kitabu cha 4, mwaka 2008, wameoana, wamepata mtoto, na bibi harusi naye amegeuka mnyonya damu. Mwaka 2018 tuzo ya Oscar ya filamu bora ilikwenda kwa The Shape of Water ya Guillermo del Toro, kisa cha mwanamke bubu, mfanya usafi katika maabara ya serikali, aliyependana na kiumbe wa majini. Ukizitazama vizuri, utaona huko kiumbe ni zawadi. Msichana mpweke, asiyeonwa na watu, anapata mpenzi asiyezeeka na asiyemchoka, na gharama yake haizungumzwi sana.

Mwaka huohuo wa 2005, hapa kwetu, Mussa Banzi alitoa filamu ya Shumileta. Wakati ule filamu zetu zilikuwa za kanda na sidii, unakodi dukani mtaani unaangalia na majirani. Shumileta ni mwanamke wa kijini anayetoka katika ulimwengu wake na kumpenda kijana binadamu. Filamu ina damu, ina vitisho, na ushawishi wa filamu za Nigeria unaonekana waziwazi. Lakini mtu wa pwani aliyeiangalia hakuhitaji Mnigeria wala Mmarekani kumfundisha chanzo chake. Huyo alikuwa jini mahaba. Na jini mahaba, msikilizaji, hajawahi kuwa zawadi. Anakuja na madai yake.

Tuanze mbali kidogo. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala la ndoa ya mtu na jini zamani sana, na kwa uzito kamili. Yuko mwanachuoni wa karne ya 14, Badr al-Din al-Shibli, aliyeandika kitabu kizima juu ya mambo ya majini, na suala la ndoa limo humo. Inapokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa kuhusu jini aliyeleta posa kwa binti wa watu. Akajibu kwamba upande wa dini haoni ubaya, ila analichukia jambo lenyewe, kwa sababu kesho mwanamke ataonekana ana mimba, ataulizwa mume wako nani, atajibu ni jini, na ufisadi utaenea. Lizingatie jibu hilo. Imamu hakutishwa na kwato wala moto. Alichokiangalia ni nani atakayesimama mbele ya watu na kusema, mtoto huyu ni wangu.

Hapo ndipo hadithi zetu zilipo mpaka leo. Juu juu utaona kiumbe wa ajabu, na ukichimba kidogo unaikuta ndoa: nani anaposa, nani anatoa idhini, nani analipa, nani anamtunza nani.

Chukua kisa cha Mohamadi Mtepetevu. Askofu Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Chanzo chake kimo katika Alfu Lela Ulela, lakini wasimulizi wetu walishakifanya cha nyumbani. Mohamadi ni kijana mvivu kupindukia. Ananunuliwa nyani kwa fedha kidogo, na nyani yule anamfanya tajiri. Kisha nyani anamwambia akamwoe binti fulani wa mtu mkubwa, na anampa masharti ya kutimiza usiku wa harusi. Kijana anayatimiza, asijue kwamba kwa mikono yake mwenyewe ameivunja kinga iliyokuwa ikimlinda binti. Nyani kumbe ni jini, anamnyakua bibi harusi na kupotea naye.

Watu hukisoma kisa hiki kama funzo la kutoamini nyani. Mimi naona kitu kingine. Jini yule alikuwa na nguvu zote na mali yote, na bado hakuweza kumfikia msichana mpaka apatikane binadamu wa kwenda kuposa, kutoa mahari na kukaa mbele ya wazee. Alikosa mshenga, akamnunua mmoja. Hata katika hadithi ya majini, mlango wa nyumba ya mwanamke una ufunguo mmoja, na ufunguo huo wako nao watu.

Sasa turudi Bagamoyo penyewe. Katika mji huu aliishi Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi, mwalimu wa Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 ukatoka mjini Göttingen, chini ya usimamizi wa Carl Velten, ule mkusanyo mkubwa wa Desturi za Wasuaheli ambao sehemu kubwa ni kazi ya mkono wake. Humo mna uzazi, unyago, harusi, mazishi, biashara za bara, na mna pepo. Mtoro anaeleza habari za pepo kwa sauti ileile tulivu anayoelezea mahari: kuna kinyamkera, kuna dungumaro, kuna rubamba, na kila mmoja na ngoma yake, na dawa yake, na matakwa yake.

Kama hujawahi kuhudhuria ngoma ya kupunga pepo, nikueleze kwa ufupi. Mwele anakalishwa kilingeni. Ubani unafukizwa, ngoma zinapigwa, nyimbo zinaimbwa mpaka pepo mwenyewe apande kichwani. Akishapanda, fundi hamtukani wala hamfukuzi. Anamwamkia kwa heshima, kisha anamhoji. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Kabila lako lipi? Huyu umempatia wapi, na unataka nini kwake? Pepo anajibu. Ruhani atataka udi, mawardi na nguo nyeupe. Kibuki, ambaye asili yake Bukini (Madagaska), atataka brandi, naye si Mwislamu wala hajifichi. Mwingine atadai pete ya fedha, mwingine chano chenye vyakula vyake. Fundi anajadiliana naye, anapunguza, anaongeza, mpaka wanaafikiana. Baada ya hapo mwele ni kiti chake, na kila upande una wajibu.

Msikilizaji uliyewahi kukaa upande wa wanaume kwenye kikao cha posa, niambie maswali hayo yana tofauti gani na tuliyoulizwa sisi. Jina, ukoo, ulikotoka, umemwonea wapi binti yetu, umekuja na nini. Pwani hii ilimkaribisha jini mpenzi kwa utaratibu uleule inaomkaribishia mkwe.

Na anayelipa ni nani? Mara nyingi ni mume wa mwele. Bibi aliyeomba kanga mwaka mzima bila kuipata, pepo wake akiomba nguo nyeupe na pete, vinanunuliwa kesho yake. Wataalamu wa mila wameliandika sana hili, kwamba pepo ni mdomo wa mtu asiyesikilizwa. Ni kweli, ila nawaona wamekuwa wepesi mno. Ukimwambia mwele kwamba anaigiza ili apate pete, umemtukana bure. Maumivu anayo, usingizi hana. Lakini ni kweli pia kwamba mji ulimpa lugha ya kusema, katika nyumba hii yupo mwingine anayenitaka, na yeye ananijali kuliko wewe.

Lugha hiyo ya jini mahaba bado ina kazi leo, kwa uzuri na kwa ubaya. Binti anakataa wachumba watatu mfululizo: ana jini mahaba. Mke hataki mumewe amguse: jini mahaba. Kijana amefika miaka arobaini hajaoa: jini mahaba wa kike. Kwa kusema hivyo tumemwondolea mtu lawama, hakuna atakayesema amekataa kwa kiburi. Lakini tumemnyima pia haki ya kukataa kwa hiari yake mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya pande zote mbili, na inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, sharti ambalo sijui jini angelitimizaje. Sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Najiuliza ni mabinti wangapi wa umri ule waliwahi kupelekwa kilingeni kutolewa jini, wakati alichokuwa nacho kila mmoja wao ni mume asiyemtaka.

Na hapa niseme wazi, maana redio inasikilizwa na watu wengi. Vile vibao vya kwenye nguzo za umeme vinavyoahidi kutoa jini mahaba kwa siku moja, na namba ya simu chini yake, vimewalia watu fedha na vingine vimewavunjia heshima. Mganga anayedai kulala na mgonjwa ili amtoe jini anafanya uhalifu, mpeleke polisi. Na wanandoa wasiopata mtoto wasimsingizie jini, waende hospitali wote wawili, mke na mume.

Nirudi kwa Mtoro, kwa sababu maisha yake mwenyewe ni kisa cha mapenzi ya kukatazwa kuliko vyote alivyotukusanyia. Mwaka 1904, huko Berlin, alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Wenye mamlaka hawakukubali Mwafrika ashuke nchini mwake na mke Mzungu. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro aliishi huko hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Fikiria jambo hilo, msikilizaji. Jini akimtaka mwanamke wa Bagamoyo, mji ulikuwa na utaratibu wa kumkalisha, kumuuliza jina na kumpa chake. Msomi wa Bagamoyo alipokuja na mke aliyemwoa kihalali, serikali yenye mabaraza na mihuri ilishindwa hata kumpa ngazi ya kushukia. Watu wawili, wote wana wa Adamu, walitazamwa kama viumbe wa jinsi mbili tofauti. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema hadithi za mapenzi ya viumbe wa ajabu ni upuuzi wa watoto. Kila jamii ina mstari wake inaouchora na kusema, ng'ambo ya hapa si watu wa kuoana nao. Mwandishi anapomleta jini, anaupima mstari huo bila kumtaja jirani kwa jina.

Shaaban Robert alilijua hili. Alikuwa karani wa forodha Pangani kwa miaka mingi, na pwani hii ya kaskazini aliijua mpaka vichochoro vyake. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, yumo jini wa kike aitwaye Huria. Adili alimwokoa Huria kutoka kwa adui yake. Ndugu zake Adili walipomtosa baharini kwa wivu, Huria akaja kumwokoa, akawageuza ndugu wale manyani, na akamtaka Adili awapige kila usiku. Mwandishi wa filamu zetu angewaoza Adili na Huria, au angemchoma Huria moto. Shaaban Robert hakufanya lolote kati ya hayo. Anayependwa na Adili ni Mwelekevu, binadamu. Huria anabaki na heshima yake yote, mkali kupita kiasi, mwenye deni la shukrani analolilipa kwa adhabu ya watu wengine, mpaka anapoombwa awasamehe naye anasikia. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili iliyompa jini wa kike uzito kama huo bila kumfanya malaya wala mzimu wa kutisha watoto.

Linganisha na hadithi za mfululizo tunazosoma magazetini, na sasa zinazosambazwa kwa simu, sehemu ya 1 hadi ya 60. Nazisoma, sina haya. Mwanzo wake huwa mtamu kweli. Kijana wa Magomeni anakutana na mrembo ufukweni, anapelekwa chini ya bahari, jumba la ajabu, chakula cha ajabu, sharti moja tu: usimwambie mtu. Yule jini ndiye mhusika mwenye akili kuliko wote hadithini. Anakumbuka aliyoambiwa, anachekesha, ana wivu wenye sababu, anamtunza mama wa kijana kuliko kijana mwenyewe anavyomtunza. Halafu mwandishi anaona kurasa zinakwisha. Analetwa shehe na kisomo, au mchungaji na maombi, jini analia, moshi unatoka, kijana anarudi kwa mchumba wake wa zamani ambaye hatujamsikia tangu sehemu ya 3. Kila mtu anashukuru, isipokuwa msomaji.

Sisemi dua isiwepo. Mji huu wa Bagamoyo ni wa Sheikh Ramiya, shehe wa tarika, na zikri yake haijakatika, na mtu wa hapa akipatwa na jambo atasoma, ndivyo alivyolelewa. Ninachosema ni kwamba mwandishi anaitumia dua kulikimbia swali alilolianzisha mwenyewe. Alimpa kijana ahadi ya kutunza, kijana akaivunja. Nani mwenye kosa? Kama angekuwa mke wa kibinadamu tungesema mume ni muhuni. Kwa kuwa ni jini, uhuni unageuka ushujaa.

Na wanawake wako wapi katika hadithi hizi, mbali na kuwa jini au kuchukuliwa na jini? Kushoto kwangu hapa kuna bahari. Ukitoka Bagamoyo mjini kwenda kusini unafika Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi. Waongozaji wa wageni watakuonyesha kaburi la mtu na mkewe, wanasema walifia baharini pamoja, na watakuonyesha kaburi la Sharifa, ambako watu huja kuomba haja zao. Songa mbele kidogo unafika Mlingotini, ambako wanawake wanalima mwani. Wanashuka pwani maji yakitoka wakati wa bamvua, wanafunga mbegu kwenye kamba, na miaka ya karibuni joto la bahari limekuwa likiwaulia mazao. Niwekee hapo mwanamke mmoja, mjane, mtu mzima, mwenye akili zake. Amepiga magoti majini alfajiri. Anamtokea bwana kutoka upande wa kina, mpole, na anataka kuoa. Sasa badala ya bwana kutoa masharti, acha bibi ndiye ayatoe. Utalinda mwani wangu? Utakuja kwa wanangu mchana, au ni usiku tu? Nikizeeka nawe huzeeki, itakuwaje? Na majirani wakiniuliza mume wangu nani, nitamtaja nani? Hayo ni maswali ya Imamu Malik, yakiulizwa na mwenye mwani. Mimi ningekisoma kitabu hicho mpaka asubuhi, na simhitaji mnyonya damu wa Marekani kunikesheza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandika, na hasa kwa vijana wa TaSUBa hapa mjini, ambao chuo chao kinafundisha ngoma na maigizo tangu mwaka 1981 na tamasha lao huleta wageni kila mwaka. Kisomeni Desturi za Wasuaheli, kimetungwa na mtu wa mji wenu. Waendeeni bibi zenu wanaojua nyimbo za pepo, muwaamkie, muwarekodi kwa idhini yao, kabla nyimbo hizo hazijabaki kwenye maktaba za Ujerumani peke yake. Kisha leteni jukwaani hadithi moja ya jini na binadamu ambayo haimalizwi kwa moshi. Tamasha linalokuja nitakuwepo, nimekaa mbele.